Eliza Aliimbiwa

Usiku wa tarehe 5 Aprili 1965, mjini Santa Monica, California, Audrey Hepburn alipanda jukwaani kumkabidhi Rex Harrison tuzo ya Oscar ya mwigizaji bora wa kiume. Filamu waliyoicheza pamoja, My Fair Lady, ilizoa tuzo 8 usiku ule, ikiwemo ya filamu bora na ya mwongozaji bora, George Cukor. Hepburn, ambaye sura yake ndiyo iliyopamba mabango, hakuwa hata kwenye orodha ya walioteuliwa. Tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilichukuliwa na Julie Andrews kwa filamu nyingine, Mary Poppins. Na Andrews ndiye aliyekuwa Eliza wa kwanza, pale My Fair Lady ilipokuwa bado mchezo wa jukwaani.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama umbea wa Hollywood: nani kampokonya nani nafasi, nani kalipiziwa kisasi. Nadhani kina uzito kuliko umbea. Hii ni filamu ya kuchekesha kuhusu mwanaume anayeichukua sauti ya msichana maskini, akaifinyanga anavyotaka, halafu akasahau kumuuliza mwenyewe. Walipokuwa wanaitengeneza, wakamfanyia mwigizaji wao jambo lile lile, kwa mashine na kwa mikataba. Ukiitazama ukiwa na hilo kichwani, hata mwisho wake, ambao umegombanisha watu tangu enzi za tamthilia yenyewe, unaona wazi umetoka wapi.

Kwa ambaye hajaiona, hadithi ni hii. Profesa Henry Higgins ni mtaalamu wa fonetiki, elimu ya matamshi, jijini London, mwanzoni mwa karne ya 20. Usiku mmoja wa mvua, nje ya jumba la opera la Covent Garden, anakutana na Eliza Doolittle, muuza maua anayeongea Kiingereza cha vichochoroni. Higgins anajipiga kifua mbele ya Kanali Pickering kwamba akipewa miezi 6 atamfanya binti huyu apite kwenye dhifa ya ubalozi kama mwanamke wa ukoo wa kifahari. Kesho yake Eliza anakuja nyumbani kwake mwenyewe, na hela yake mkononi, anataka kulipia masomo. Hapa ndipo watazamaji wengi wanapopitiwa. Eliza hakuja kuokotwa. Anataka kazi ya kuuza kwenye duka la maua lenye mlango na paa, na duka halimchukui kwa sababu ya anavyoongea. Ana hesabu yake kamili. Pickering ndiye anayeligeuza jambo kuwa dau, kwamba Higgins akifaulu, gharama zote zitakuwa juu ya Pickering, na kuanzia dakika hiyo mteja anageuka kuwa kifaa cha majaribio.

Chimbuko la yote ni tamthilia ya Pygmalion ya George Bernard Shaw, Mwairishi mwenye ulimi mkali. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Vienna, Oktoba 1913, kwa Kijerumani. Hili hunichekesha kila nikilikumbuka: mchezo mzima umesimama juu ya lafudhi za Kiingereza, na watu wa kwanza kuushangilia waliuona kwa Kijerumani. Bila shaka walielewa. Kila nchi ina namna ya kuongea inayofungua milango na namna inayoifunga. Kwetu, mtu anaweza kuwa fundi wa kazi yake kupindukia, lakini akiingia kwenye chumba cha usaili na Kiingereza cha kuombea maji, nusu ya alama zake zimeshaondoka kabla hajakaa. Katika utangulizi wa Pygmalion, Shaw aliandika kwamba Mwingereza hawezi kufumbua kinywa bila kumfanya Mwingereza mwenzake amchukie au amdharau. Hapo alikuwa anawasema majirani zake, lakini wengi wetu tunaoisoma huku tunajikuta tumeguswa.

Shaw hakutaka Eliza na Higgins waoane. Alipigania hilo mpaka mwisho. London, mwaka 1914, Higgins alichezwa na Herbert Beerbohm Tree, ambaye pia ndiye aliyekuwa na jumba la michezo, na Eliza na Mrs Patrick Campbell, aliyekuwa na miaka 49. Tree akajiongezea kipande chake mwishoni: kabla pazia halijafunga anamrushia Eliza maua, watu waondoke wakijua ndoa inakuja. Shaw alikasirika. Mwaka 1916 akachapisha maelezo marefu ya ziada kukata mzizi wa fitina: Eliza anaolewa na Freddy, kijana wa watu asiye na kazi wala fedha, na wanafungua duka la maua. Haikusaidia. Ilipotengenezwa filamu ya Pygmalion mwaka 1938, mtayarishaji Gabriel Pascal akamrudisha Eliza kwa Higgins kwenye dakika za mwisho, bila baraka za mzee. Shaw akapata Oscar ya uandishi kwa filamu hiyo hiyo.

Filamu ile ya 1938 ndiyo iliyofungua njia. Ndani yake ndimo ilimotokea ile sentensi ya mazoezi kuhusu mvua ya Hispania, na dhifa ikaonyeshwa waziwazi, ambapo kwenye tamthilia ya awali ushindi wa Eliza ulitokea nyuma ya pazia. Kugeuza Pygmalion kuwa mchezo wa muziki kuliwahi kuwashinda hata Rodgers na Hammerstein, wakubwa wa kazi hiyo. Hakuna kwaya, hakuna hadithi ya pili ya mapenzi, na wahusika wanabishana tu chumbani. Alan Jay Lerner, mwandishi wa maneno, na Frederick Loewe, mtunzi wa muziki, walifaulu walipoacha kuipamba. Wakabaki na ubishi wa Shaw karibu wote, kisha wakaonyesha yale yaliyokuwa yakitokea kati ya sehemu moja ya tamthilia na nyingine: masomo, mbio za farasi, dhifa. Mchezo ulifunguliwa New York tarehe 15 Machi 1956, Harrison akiwa Higgins na Andrews, binti wa miaka 20, akiwa Eliza. Ulionyeshwa mara 2,717, rekodi ya Broadway kwa wakati ule.

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Jack Warner, mkuu wa studio ya Warner Bros., hakuwa Mswahili. Alilipa dola milioni 5.5 kununua haki ya kuufanya mchezo huu filamu, na mtu akishatoa kiasi hicho huwa haangalii tena nani anaweza, huangalia nani anauza. Andrews hakuwa amewahi kuonekana kwenye filamu, kwa hiyo akaachwa. Hepburn akalipwa dola milioni 1. Filamu nzima ikagharimu takribani dola milioni 17, na woga wa fedha hizo unauona kwenye kila fremu. Soko la Covent Garden, uwanja wa mbio za farasi wa Ascot, mtaa anaoishi Higgins, vyote vilijengwa ndani ya studio huko Burbank. Hakuna upepo. Hakuna mtaa unaoendelea nje ya picha. Kamera ya Cukor imekaa kama mtu aliyelipia kiti cha safu ya mbele na hataki kukiacha. Dakika 170 ni nyingi kwa mtindo huo, na sitamlaumu atakayesinzia Freddy anapoimba barabarani.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapo ndipo penye mambo.

Kawaida ya filamu za muziki wakati ule ilikuwa kurekodi nyimbo kwanza studio, halafu mwigizaji akachezesha midomo mbele ya kamera huku wimbo ukipigwa. Wapenzi wa muziki wetu wangesema ni pleibeki, na wangedai kiingilio chao. Harrison aligoma. Hakuwa mwimbaji, nyimbo za Higgins ziliandikwa kwa mtu anayeongea juu ya muziki, akigusa noti pale anapojisikia kuigusa. Hoja yake ilikuwa kwamba hawezi kuutamka wimbo mara mbili kwa namna moja, hivyo midomo yake haitaendana na rekodi. Basi idara ya sauti ya Warner, chini ya George Groves, ikamfichia maikrofoni ndogo isiyo na waya ndani ya tai, kitu cha ajabu kwa mwaka 1963. Akaimba papo hapo mbele ya kamera, akivuta hapa na kukimbiza pale, na okestra ndiyo iliyopangwa kumfuata yeye. Idara ile ikapata Oscar.

Hepburn naye hakuwa mwimbaji wa kusomea. Alikuwa amewahi kuimba kwenye filamu kwa sauti nyembamba ya kawaida, na watu wakaipenda. Kwa kazi hii alichukua masomo, akarekodi nyimbo zake, akiamini sehemu kubwa itatumika. Haikutumika. Wakamleta Marni Nixon, soprano wa Los Angeles aliyekuwa ameshaimba badala ya Deborah Kerr kwenye The King and I na badala ya Natalie Wood kwenye West Side Story. Inasimuliwa kwamba Hepburn alipoelezwa, alisema tu "Oh!" akaondoka seti, na kesho yake akarudi kuwaomba radhi wenzake.

Waweke hawa wawili sambamba. Wote wana upungufu mmoja: sauti zao hazifikii noti zilizoandikwa. Kwa Harrison, studio ilibuni namna mpya ya kurekodi ili upungufu wake ubaki na uitwe mtindo. Kwa Hepburn, studio ilitumia namna ya zamani ya kufunika ili upungufu wake usijulikane. Mtu atasema nyimbo za Higgins zinaruhusu kuongea na za Eliza zinadai kuimbwa. Ni kweli, tena tangu kwenye karatasi: mwanaume alipewa nyimbo za kufikiri kwa sauti, msichana akapewa nyimbo za kutamani. Yeye abishane, huyu aote. Hata hivyo bado ni suala la nani ana nguvu ya kusema "siwezi kufanya hivyo" na watu wakaenda kutafuta fundi.

Mshono unasikika. Tega sikio kwenye "Just You Wait", wimbo ambao Eliza, akiwa peke yake baada ya kunyanyaswa na mazoezi ya matamshi, anamwapiza Higgins: augue, azame majini, mfalme mwenyewe aamuru auawe. Mistari ya kwanza ni ya Hepburn. Sauti iko chini, ina mikwaruzo, ina hasira ya mtu aliyenyimwa chokoleti na usingizi. Tuni inapopanda, anaingia Nixon, na ghafla hasira imekogeshwa na kupakwa poda. Halafu, baada ya dhifa, Eliza anaurudia wimbo huo kwa mistari michache akilia, na hapo ni Hepburn tena. Ina maana walipokuwa wakichagua ni wapi sauti halisi ya mwigizaji ibaki, walichagua pale anapomlaani mwalimu wake. Sidhani kama walikusudia. Ila ni dakika chache ambazo ninamwamini Eliza kuliko nyingine zote za muziki kwenye filamu hii, na vile vipande alivyorekodi Hepburn, vilivyotolewa hadharani filamu ilipokarabatiwa mwaka 1994, vinaonyesha kwamba wangeweza kumwamini zaidi. "Wouldn't It Be Loverly" yake haina urembo. Ni msichana anayetamani kiti kimoja na chumba chenye joto, na anaimba kama mtu asiye navyo.

Msomaji wa pwani anaweza kuuliza shida iko wapi hasa. Vizazi vya watazamaji wa Majestic ya Unguja na Avalon ya Dar es Salaam vilikua na filamu za Kihindi, na kila mtu pale alijua kwamba anayecheza dansi kwenye bustani siye anayeimba. Anayeimba ni Lata Mangeshkar. Jina lake lilijulikana hata kwa waliosahau jina la filamu, na tuni za nyimbo zile zikahamia kwenye taarabu zikapata maneno yetu. Bombay iliifanya kuwa kazi yenye heshima. Tuzo za Filmfare zina zawadi ya waimbaji hao tangu 1959. Hollywood ilifanya kitu hicho hicho kwa siri. Jina la Nixon halikuwekwa kwenye filamu. Kwenye West Side Story ilibidi mtunzi Leonard Bernstein amkatie sehemu ndogo ya mrabaha wake mwenyewe ili binti wa watu apate chochote kwenye mauzo ya santuri. Siri hiyo ndiyo iliyomgeuza Hepburn kuwa mdanganyifu machoni pa wapiga kura wa Oscar, na Nixon kuwa mzimu. Wangeandika jina moja tu kwenye orodha ya washiriki, wote wawili wangesalimika.

Ajabu ni kwamba ukimwondoa Hepburn kwenye nyimbo, bado ndiye anayeibeba filamu kama komedi. Tazama Ascot. Mbunifu wa mavazi, Cecil Beaton, amewavika matajiri wote nyeusi, nyeupe na kijivu, wamesimama kama masanamu, farasi wakipita kwa kishindo hakuna anayetikisa hata shavu. Eliza analetwa kati yao kujaribiwa kabla ya dhifa. Ameruhusiwa mada mbili tu, hali ya hewa na afya. Anaketi, mgongo wima, anaitamka kila irabu kama anaiweka kwenye sahani. Hali ya hewa inapita salama. Kisha mtu anataja mafua, na afya ndiyo hiyo imefika: Eliza anaeleza, kwa matamshi yasiyo na doa, kwamba shangazi yake inasemekana alikufa kwa mafua, ila yeye anaamini walimmaliza, na aliyeiba kofia yake ya majani ndiye aliyemmaliza. Pombe je? Haikuwa na shida, jini kwake ilikuwa kama maziwa ya mama.

Kinachovunja mbavu hapa ni kwamba Higgins amefaulu kabisa. Alifundisha sauti, na sauti imekaa. Hakumuuliza Eliza ana nini cha kusema, kwa hiyo kilichotoka ni maisha yake, yamevaa kofia kubwa yenye manyoya. Wale mabwana wanadhani ni mtindo mpya wa maongezi. Freddy anapenda papo hapo, na kwa haki kabisa, kwa sababu pale Eliza ni mtu mzima asiyekatwa vipande: lafudhi mpya, akili ya zamani, na ucheshi ambao wote waliomzunguka hawana. Halafu farasi wake, Dover, anaanza kuachwa nyuma, na anachomfokea kinamzimisha mama mmoja. Filamu nzima ingebaki kwenye kiwango hiki, ningemsamehe Cukor studio yake isiyo na upepo.

Kwenye dhifa mzaha unageuka na kuwa mkali zaidi. Zoltan Karpathy, mwanafunzi wa zamani wa Higgins anayejipatia riziki kwa kufichua watu wenye asili ya kughushi, anacheza dansi na Eliza, anamsikiliza, kisha anatangaza: huyu ni laghai, si Mwingereza. Ni Mhangaria, tena wa damu ya kifalme. Ushahidi? Kiingereza chake ni kizuri mno. Nimekaa na mzaha huu muda mrefu kuliko wimbo wowote wa filamu hii. Lafudhi aliyopewa Eliza haina kwao. Hakuna mtaa wala ukoo unaoongea vile. Kufaulu mtihani kumemfanya mgeni kwenye nchi aliyozaliwa.

Kisha wanarudi nyumbani, saa za usiku wa manane, na hapo ndipo pana mandhari bora kuliko zote. Higgins na Pickering wanapongezana kwa wimbo mzima, "You Did It". Watumishi wanaingia, wanampongeza bwana. Eliza amesimama pembeni na gauni lake la dhifa, na hakuna hata mmoja anayemgeukia. Cukor, ambaye mara nyingi humnyima mtazamaji mahali pa kuangalia, hapa anafanya vizuri: anamwacha kwenye ukingo wa picha, kimya, huku sherehe ya kazi yake ikiendelea bila yeye. Wanaume wakishachoka, Higgins anatoa maagizo mawili: Eliza azime taa, na amwachie Mrs Pearce, msimamizi wa nyumba, ujumbe kwamba kesho asubuhi anataka kahawa badala ya chai. Viatu vya nyumbani vinarushwa muda mfupi baadaye, na mtazamaji yuko upande wa viatu.

Ugomvi unaofuata ndio moyo wa Shaw, na filamu inauacha ulivyo. Eliza anamwambia kwamba zamani aliuza maua, hakujiuza mwenyewe; sasa amefanywa bibi wa heshima, hana kingine cha kuuza. Alfajiri anarudi Covent Garden na watu wake hawamtambui. Wanamwamkia kama mteja. Baba yake, Alfred Doolittle, mzoa taka aliyechezwa na Stanley Holloway jukwaani na kwenye filamu, amepatwa na msiba wa aina hiyo hiyo kwa upande wa fedha: Higgins kwa utani alimsifia kwa tajiri wa Marekani, tajiri akafa akamwachia urithi, na sasa analazimika kuwa na adabu na kufunga ndoa. Yeye anaimba, anakunywa, anabebwa kanisani juu kwa juu. Ni mwanaume, tabaka jipya linamnyima starehe tu. Binti yake linamnyima mahali pa kulala.

Ndiyo maana mwisho unauma. Nyumbani kwa mama yake Higgins, Eliza anamwimbia kwamba dunia itazunguka bila yeye, na Higgins anadakia kwa furaha: nilisema nitakufanya mwanamke, nimekufanya! Hata uasi wake anauhesabu kuwa kazi ya mikono yake. Kisha anatembea kwenda kwake, akijishangaa kwamba ameuzoea uso wa binti yule, anawasha gramafoni, na kusikiliza rekodi ya sauti ya Eliza ya siku ya kwanza, ile aliyomnyang'anya. Eliza anaingia bila kuonekana. Anaizima mashine. Anaimalizia sentensi kwa kinywa chake, kwa lafudhi ile ile ya Covent Garden: kwamba alinawa uso na mikono kabla ya kuja. Higgins anajua ni yeye. Anaegemea kiti, anavuta kofia ifunike macho, anauliza viatu vyake viko wapi.

Lerner, alipochapisha maandishi ya mchezo, aliomba Shaw na Mbingu wamsamehe, kwa sababu hana hakika kama Shaw yuko sahihi. Wengine wamekuwa na hakika. Mwongozaji Bartlett Sher alipourudisha mchezo kwenye jukwaa la Lincoln Center, New York, mwaka 2018, Eliza wake alisikia habari ya viatu, akamgusa Higgins shavuni, akashuka jukwaani akaondoka. Naelewa kwa nini watu walishangilia, ila naona ni njia ya mkato. Kuondoka kunamaliza ugomvi wa Shaw na Tree. Hakumalizi suala la sauti, ambalo ndilo filamu ilikuwa imeshalijibu bila kujijua. Mtu aliyefundishwa lafudhi moja na kuzomewa kwa nyingine, akaingia chumbani, akazima rekodi ya mwanaume, akachagua mwenyewe aongee kwa ipi: hapo tayari Eliza amezipata sauti zote mbili, tena kwa kinywa cha Hepburn, bila Nixon. Cukor alikuwa nayo mkononi. Angekata picha mara tu baada ya sentensi ile, kabla kofia haijashuka, asingehitaji kumwondoa Eliza wala kumwoza. Aliacha kamera iendelee sekunde chache zaidi, na Harrison akapata sentensi ya mwisho.